Siku Sita za Ziada Guangzhou: Kisa cha Wafanyabiashara Watatu Waliozuiwa na Kimbunga

## Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandaa wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam na mikoani kwa safari za kununua bidhaa China, na kisa ninachokieleza hapa ndicho ninachokirudia mara nyingi zaidi ninapozungumza nao. Wahusika wameridhia kiandikwe. Majina yao si haya, bidhaa zao nimezibadilisha kidogo, mwaka nimeuacha, na shirika la ndege pamoja na hoteli havitajwi. Maeneo ya mji nimeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa funzo kubwa la kisa hiki limo katika umbali mdogo uliokuwapo kati ya maeneo hayo na kitanda alicholalia mhusika mkuu kwa safari kumi na mbili.

## Usuli

Bi Zawadi ni mjane wa miaka 59, mzaliwa wa Bagamoyo, mwenye duka la mapazia na vitambaa vya makochi Kariakoo. Ana shinikizo la damu, anatumia vidonge vya amlodipine kila siku, na miguu yake huvimba akisimama muda mrefu. Aliongozana na Hamisi, mtoto wa marehemu kaka yake, kijana wa miaka 26 ambaye alikuwa akifundishwa biashara ili aje kuishika. Wa tatu ni Mama Tumaini wa Mbeya, muuzaji wa vifaa vya shule na vichezeo vya watoto, aliyekuwa katika safari yake ya pili. Walijuana kwa wakala wa mizigo na wakakata tiketi pamoja.

Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, umekuwa na maonyesho makubwa ya biashara tangu 1957, na eneo lake la Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, limezoeleka kwa wafanyabiashara Waafrika kiasi kwamba mtu hushuka hapo akapata chakula cha halali, wakala anayemfahamu na Mswahili mwenzake wa kumsalimu kabla hajafungua begi. Mazoea hayo yana faida yake, lakini pia yanafunga macho. Wengi ninaowafahamu huishi kati ya hoteli, soko na stoo ya wakala, na Bi Zawadi alikuwa mmoja wao. Katika safari kumi na moja za mwanzo hakuwahi kupanda treni ya chini ya ardhi kwa jambo lolote lisilohusu mzigo.

Viza zao zilikuwa za biashara, zenye ruhusa ya kukaa siku 30 kwa kila kuingia. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya siku ya 22. Mzigo wa wote watatu ulikuwa umeshapimwa, umelipiwa na kuingizwa kwenye kontena, kwa hiyo siku ya kuondoka ilipofika hawakuwa na kazi yoyote iliyobaki mjini.

## Mfululizo wa matukio

Jumatatu na Jumanne, siku ya 21 na ya 22. Jumatatu jioni mhudumu wa hoteli alianza kubandika utepe wa gundi kwenye kioo cha mlango wa mbele, pande mbili zikikatana katikati, kisha akaingiza ndani vyungu vya maua kimoja kimoja. Guangdong hutangaza tahadhari ya kimbunga kwa rangi tano, kuanzia nyeupe, buluu, njano, rangi ya chungwa hadi nyekundu, na saa hiyo ilikuwa imeshafika rangi ya chungwa. Hamisi alimuuliza wakala wao, naye akajibu kwamba ndege za kimataifa hazifutwi ovyo. Wote watatu walilipokea jibu hilo kwa sababu ndilo walilotaka kulisikia.

Ujumbe wa kufutwa kwa ndege ulitumwa saa kumi na moja alfajiri kwa saa za China, yaani saa sita usiku Dar es Salaam, na uliingia kwenye simu ya mkata tiketi, ambaye alikuwa ameandika namba yake mwenyewe katika nafasi za abiria wote watatu. Alikuwa amelala. Wao wakafika uwanja wa ndege wa Baiyun saa tatu asubuhi na mabegi yao, wakakuta ubao wote umejaa safari zilizofutwa na foleni iliyokunja kona mara tatu.

Bi Zawadi alitumia zaidi ya saa moja akidai shirika liwalipie hoteli. Dai lake lilikuwa la haki machoni pake, lakini kwa kanuni za usafiri wa anga za China zinazotumika tangu Januari 2017, safari inayofutwa mahali inapoanzia kwa sababu ya hali ya hewa hailazimishi shirika kubeba gharama ya malazi. Shirika hutakiwa kumsaidia abiria kupata chakula na mahali pa kulala, na abiria hulipa mwenyewe. Walichopata dirishani ni viti katika ndege ya Jumatatu iliyofuata, siku ya 28, na barua yenye mhuri inayoeleza kwamba safari yao ilifutwa kwa sababu ya kimbunga. Barua hiyo Hamisi aliing'ang'ania wakati shangazi yake ameshakata tamaa na kukaa juu ya begi.

Hapo ndipo walipoachana. Bi Zawadi na Hamisi walirudi Xiaobei kabla ya adhuhuri, upepo ukiwa bado haujashika kasi. Mama Tumaini akabaki uwanjani kwa matumaini ya kupata nafasi katika ndege ya kwanza itakayoruka baada ya dhoruba, akalala sakafuni juu ya kitenge chake.

Jumatano, siku ya 23. Tahadhari ikawa nyekundu. Shule, ofisi na maduka yakafungwa, na hakuna aliyetoka nje. Bi Zawadi alilala mchana kutwa, jambo ambalo Hamisi anasema hakuwahi kumwona akilifanya tangu utoto wake.

Alhamisi, siku ya 24. Hii ilikuwa siku ya mihangaiko. Asubuhi Bi Zawadi alimwonyesha Hamisi kikaratasi chake cha vidonge: vilibaki viwili. Duka la dawa la kwanza liliwaeleza kwamba dawa hiyo inahitaji cheti cha daktari. Wakaenda hospitali ya karibu na pasipoti, wakajiandikisha, daktari akampima, akasoma jina la kitaalamu kwenye boksi ambalo Hamisi alikuwa amelipiga picha, akaandika dawa ileile. Ilichukua karibu saa tatu, nyingi zikiwa za kusubiri.

Kutoka hapo walikwenda ofisi ya polisi inayoshughulikia kuingia na kutoka kwa wageni, wakiwa na pasipoti, tiketi mpya na barua yenye mhuri. Afisa aliwaeleza mambo mawili. La kwanza, siku za ruhusa huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kuingia, kwa hiyo walikuwa na siku moja zaidi ya walivyodhani. La pili, kwa kuwa safari mpya iko ndani ya siku hizo hapakuwa na haja ya kuongeza muda, ila iwapo ndege itaahirishwa tena warudi siku hiyohiyo na barua mkononi.

Jioni hiyo Mama Tumaini alipiga simu akilia. Baada ya usiku mmoja uwanjani alichukuliwa na mtu wa kwao aliyepanga chumba mtaa wa Sanyuanli, akalala huko bila kuandikishwa. Polisi wa mtaa walipopita kukagua baada ya dhoruba, walimkuta. Alipewa onyo, akaandikishwa, hakutozwa faini. Usiku uleule alihamia hoteli waliyokuwamo wenzake.

Ijumaa, siku ya 25. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, Hamisi alimwuliza mwenye mgahawa wa tambi za kuvuta, Mhui (Mchina wa kabila la Kiislamu) kutoka jimbo la Qinghai, msikiti gani ulio karibu na wenye nafasi ya wanawake. Yule bwana alimwelekeza kwenye msikiti wa Xianxian, ulio ndani ya bustani yenye kaburi ambalo Waislamu wa Guangzhou wanaamini ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Riwaya iliyo mashuhuri zaidi inasema Saad alizikwa Baqii, Madina, na mtu akiwauliza wenyeji kwa upole hawakasiriki kulisikia hilo. Lakini kaburi limezuriwa kwa karne nyingi, na heshima yake haikuanza jana.

Walitembea kwa miguu, wakizikwepa takataka za majani na matawi ambayo wafagiaji walikuwa bado wanayakusanya. Haikufika nusu saa. Bi Zawadi alisimama mbele ya lango, akageuka kutazama walikotoka, akasema, "Hamisi mwanangu, kumbe ni hapa hapa?"

Kaburi liko ndani ya kijumba kidogo chenye kuba, na wenyeji hukiita kwa jina lenye maana ya kaburi la mwangwi. Bi Zawadi aliinamisha kichwa na kuanza Fatiha kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejisomea mwenyewe. Alipofika aya ya pili aliisikia sauti yake ikimrudia kutoka juu, nzito zaidi kuliko alivyoitoa. Akanyamaza, akaanza upya taratibu zaidi, akiiacha kila aya imalizike huko juu kabla ya kuendelea. Hamisi alibaki mlangoni na viatu vyao mkononi. Alipotoka, mama yule hakuzungumza mpaka wakati wa swala, na baada ya swala walikaa kwenye benchi chini ya miti mpaka karibu na alasiri, kati ya watu wa Mali, Somalia, Bangladeshi na Wachina wenyewe, hakuna anayemharakisha mwenzake.

Jumamosi, siku ya 26. Asubuhi mapema walikwenda bustani ya Yuexiu. Baadhi ya njia zilikuwa zimefungwa kwa utepe kwa sababu ya miti iliyoanguka, lakini wazee wa mji walikuwa wamesharudi: wengine wakicheza kwa pamoja kwa muziki wa kinanda kidogo, wengine wakipigiana kwa miguu kibao chenye manyoya. Mzee mmoja alikuwa akiandika kwa brashi ndefu iliyochovywa maji juu ya sakafu ya mawe. Jua lilikuwa limeshatoka, na kila alipofika mwisho wa mstari, herufi za mwanzo zilikuwa zimeanza kukauka na kupotea. Bi Zawadi alimtazama akijaza na kupoteza mistari minne. Mzee alimpa brashi; akaandika jina lake kwa maji, wakalitazama wote wawili likiondoka.

Waliiona sanamu ya kondoo watano, ya 1960, inayotokana na hadithi ya watakatifu watano walioleta masuke ya mpunga wakiwa na kondoo watano, na ndiyo sababu mji huu huitwa Mji wa Kondoo. Kisha wakapanda mpaka mnara wa Zhenhai wenye ghorofa tano, uliojengwa 1380. Kupanda huko lilikuwa kosa, na nitalirudia.

Mchana, baada ya kupumzika, walivuka barabara ya Jiefang Kaskazini hadi makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa eneo hilo, yaliyojengwa juu ya kaburi lililogunduliwa 1983. Mfalme huyo alifariki mwaka 122 kabla ya Kristo na alizikwa katika vazi la vipande 2,291 vya jiwe la kijani la yade vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri nyekundu. Watalii wengi husongamana kwenye vazi. Bi Zawadi alikwama kwingine, mbele ya pembe za ndovu zilizokutwa kaburini, ambazo makumbusho yanaeleza kuwa ni za tembo wa Afrika. Mtu aliyekulia Bagamoyo, mji ambao pembe zilishukia kutoka bara, na aliyechezea utotoni kwenye magofu ya Kaole yenye vipande vya vyombo vya Kichina, hahitaji kuelezwa kwamba safari za kibiashara kati ya pwani hizi mbili ni za zamani. Hata hivyo, kuziona pembe zenyewe, zimeoza na kukunjamana kama magome ya mti, ni jambo jingine.

Jumapili, siku ya 27. Siku hii aliichagua Mama Tumaini. Alikuwa akinunua vichezeo vyake barabara ya Yide, na kila mara alipita mbele ya kanisa kuu la Moyo Mtakatifu bila kuingia, kwa kuwa mkokoteni wa mzigo hausubiri. Kanisa hilo la mawe matupu ya matale lilijengwa kati ya 1863 na 1888. Aliingia misa, akatoka ameshika leso. Alasiri wote watatu walikwenda Shamian, kisiwa kidogo kilichokuwa chini ya Waingereza na Wafaransa baada ya vita vya pili vya kasumba, wakakaa chini ya mibaniani mikubwa iliyostahimili upepo, na jioni wakasimama ukingoni mwa Mto Lulu kutazama taa. Mnara wa Guangzhou wenye mita 600 waliutazama kwa mbali bila kulipa kiingilio.

Jumatatu ndege iliondoka kwa wakati.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoka uwanjani. Hamisi anasema hakuufanya kwa hekima yoyote kubwa; aliona tu miguu ya shangazi yake imeanza kujaa kwenye viatu. Lakini sababu hiyo ilitosha, na ilikuwa nzuri kuliko hesabu za Mama Tumaini, ambazo kwa karatasi zilionekana za busara zaidi. Baada ya kimbunga uwanja mkubwa huwa na maelfu ya abiria waliosukumwa mbele, na mwenye tiketi iliyokwisha kuthibitishwa kwa tarehe fulani hatangulizwi kwa sababu tu yuko karibu na dirisha.

Uamuzi wa pili ni mpangilio wa Alhamisi: dawa kwanza, ofisi ya polisi pili, matembezi baadaye. Bi Zawadi alitaka ofisi itangulie, kwa kuwa hofu ya viza ilikuwa imemnyima usingizi. Hofu yake ilikuwa na msingi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inataka ombi la kuongeza muda lipelekwe siku saba kabla ya muda kwisha, na siku hiyo kwao ilikuwa imeangukia wakati ofisi zimefungwa kwa kimbunga. Anayezidisha muda huonywa, na kosa likiwa zito hutozwa yuani 500 kwa siku hadi kikomo cha yuani 10,000, au huwekwa kizuizini. Hamisi alishikilia dawa itangulie, kwa hoja kwamba viza ina siku zilizobaki na vidonge vina siku mbili tu.

Wa tatu ulihusu fedha. Walikuwa na yuani 3,100. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa yuani 240 kwa usiku, jumla 1,440 kwa usiku sita; wakatenga 300 za kurudi uwanjani na za dharura, zikabaki 1,360 za chakula, nauli na viingilio, yaani takribani 227 kwa siku kwa watu wawili. Gharama ya hospitali ililipwa kwa kadi ya benki ya Hamisi, aliyokuwa ameiunganisha na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, tangu Dar es Salaam. Malipo ya yuani zaidi ya 200 kwa kadi ya kigeni huongezwa asilimia 3, kwa hiyo kadi iliachwa kwa mambo makubwa tu, na fedha taslimu zikatumika kwa mengine yote.

Wa nne ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, nao ni kutorudi sokoni. Jumatano, upepo ukiwa bado unavuma, Bi Zawadi alikuwa ameshampigia msambazaji mmoja wa vitambaa akaahidiwa mzigo kwa mkopo, alipe mzigo utakapofika Dar. Alhamisi usiku Hamisi alimketisha akamwambia kwa heshima kwamba kontena limefungwa, kwamba mzigo mpya utakaa stoo ya wakala kwa malipo mpaka kontena jingine, na kwamba hajamwona akipumzika tangu baba yake yeye Hamisi azikwe. Bi Zawadi hakumjibu. Asubuhi ya Ijumaa ndiye aliyetangulia kuvaa.

## Matokeo

Wote watatu walirudi salama, ndani ya muda wa viza, bila faini. Bi Zawadi na Hamisi walibakiwa na yuani 190. Shinikizo la damu la Bi Zawadi, alipopimwa wiki moja baada ya kurudi, lilikuwa chini kuliko alipopimwa kabla ya safari. Sidai kwamba bustani ndiyo iliyolishusha, kwani huenda ni usingizi wa Jumatano na dawa aliyoimeza bila kukosa. Mama Tumaini alipata homa na kifua kwa siku kumi. Familia ya Bi Zawadi ilikaa siku mbili bila kujua aliko, na binti yake mkubwa alikuwa ameshakwenda kwa mkata tiketi na ndugu watatu.

## Uchambuzi

Nianze na yaliyoshindikana, kwa kuwa mengi yangezuilika kabla ya kuondoka nyumbani.

Namba ya simu katika tiketi ndiyo chanzo cha safari ya bure uwanjani. Mkata tiketi huandika namba yake kwa nia njema, ili afuatilie mabadiliko, lakini tofauti ya saa tano humfanya awe usingizini wakati abiria wake anafunga mabegi. Siku hizi nawaomba wote ninaowaandaa waisome tiketi dirishani kabla ya kulipa na wahakikishe namba iliyoandikwa ni ile watakayokuwa nayo China. Kukosekana kwa habari nyumbani kulitokana na jambo la aina hiyohiyo: WhatsApp haifanyi kazi kwa laini ya China, Hamisi alikuwa na laini ya China pekee, na laini ya nyumbani ya Bi Zawadi iliishiwa salio wakati wa dhoruba. Walisahau kwamba ujumbe mfupi wa kawaida wa maandishi ungefika.

Dawa ni kosa la Bi Zawadi, na analikiri. Alihesabu vidonge kwa idadi ya siku za tiketi na kuongeza vitatu.

Kuhusu malazi ya Mama Tumaini, ningependa wasomaji wasimlaumu haraka. Mtu akiwa ugenini, amelala sakafuni usiku mzima, akaja mtu wa kwao akamwambia "dada, twende nyumbani", ni wachache watakaouliza habari za kuandikishwa. Hata hivyo sheria iko wazi: mgeni anayelala nje ya hoteli huandikishwa polisi ndani ya saa 24, na asiyefanya hivyo huonywa, na anaweza kutozwa hadi yuani 2,000. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe mgeni anapotoa pasipoti. Yuani 240 za chumba zilinunua pia utulivu wa kutoogopa kubishiwa hodi.

Yaliyofanikiwa yalitokana zaidi na mpangilio. Nimewaona wafanyabiashara wengine wakijaribu kujiliwaza kwa matembezi siku ileile ya kukwama, na hawakuona kitu, kwa kuwa mwili uko bustanini na roho iko dirishani kwa shirika la ndege. Bi Zawadi aliweza kukaa benchi msikitini mpaka alasiri kwa sababu Alhamisi alikuwa ameshajibiwa maswali yote matatu yaliyokuwa yakimla: nitaondoka lini, nitalala wapi, dawa nitaipata wapi. Uchaguzi wa mahali nao ulisaidia. Hawakufuata orodha ya vivutio. Walifuata Ijumaa ya huyu, Jumapili ya yule, na kilichokuwa karibu na miguu inayovimba. Kila siku ilikuwa na jambo moja kubwa asubuhi, kisha mapumziko mchana.

Isipokuwa Jumamosi. Kupanda ngazi hadi Zhenhai na kwenda makumbusho siku hiyohiyo kulikuwa kumzidishia. Usiku miguu yake ilivimba hadi vifundo havikuonekana, na Hamisi alikaa akiikanda kwa maji ya uvuguvugu hadi saa sita. Makumbusho yangeweza kusubiri Jumapili alasiri na Shamian ikaachwa.

Kuhusu kutorudi sokoni, najua wapo watakaonipinga. Kariakoo siku isiyo na mauzo huhesabiwa hasara, na mtu aliyelipa tiketi ya China huona kila saa ina bei. Lakini nimepitia madaftari ya wafanyabiashara wengi, na mizigo iliyonunuliwa katika siku za kukwama ndiyo inayokaa dukani muda mrefu zaidi, kwa kuwa haikununuliwa kwa ajili ya mteja yeyote. Ilinunuliwa ili mnunuzi asikae bure. Kitambaa alichoahidiwa Bi Zawadi kwa mkopo kilikuwa cha rangi ambayo mwenyewe alikuwa ameikataa wiki mbili kabla, kwa bei ileile.

Lipo jambo moja ambalo sikuliona mpaka nilipozungumza na Hamisi peke yake. Nilimwuliza naye alipenda nini zaidi. Alifikiri kwa muda, akasema hakumbuki vizuri. Ndiye aliyesimama foleni, aliyetafsiri kwa simu hospitalini, aliyehesabu fedha kila usiku, aliyeshika viatu mlangoni kwa kaburi na aliyekanda miguu Jumamosi. Mapumziko ya shangazi yake yalibebwa na yeye siku zote sita, na hakuna aliyempa hata nusu siku ya kwake. Nilipomweleza Bi Zawadi, aliinama kwa muda, kisha akaniuliza ni mahali gani kijana angependa.

Safari iliyofuata, miezi saba baadaye, waliweka siku mbili kati ya kufungwa kwa kontena na tarehe ya ndege, na Bi Zawadi alibeba vidonge vya wiki mbili za ziada. Siku ya kwanza alikwenda tena Xianxian, peke yake, kwa miguu. Siku ya pili alibaki hotelini akisuka ukili wa mkeka aliokuja nao kutoka nyumbani, na Hamisi akapanda treni hadi nyumba ya ukoo wa Chen, iliyokamilika 1894, akashinda huko akipiga picha za sanamu ndogondogo za udongo zilizopangwa juu ya mapaa yake, zaidi ya mia mbili, ambazo alimwonyesha shangazi yake moja moja usiku ule.